Kilo za Mihayo Nsolo

Wameniuliza kikaoni, mimi katibu,
kama kompyuta ile ndogo tuiuze sasa,
maana mradi umetuletea kishikwambi
chembamba kama ubao wa kukatia vitunguu,
bado kina nailoni yake usoni.

Nimesema nipeni msimu mmoja.

Kompyuta yenyewe mnaijua.
Haina N.
Iling'oka mwaka ule wa mvua nyingi, Nyamizi akiwa anatambaa,
tukaitafuta mpaka kwenye nepi.
Palipokuwa na kitufe pamebaki chuchu ya mpira:
ukiibonyeza kwa pini ya nywele inakubali,
ukiwa na haraka inakataa,
ndiyo maana taarifa yetu ya mwaka juzi
ilifika wilayani ikisema
Chama cha Wafugaji wa Yuki, Sikoge.
Betri ilikufa zamani. Inaishi kwa waya,
mbuzi wa kamba,
na umeme ukikatika inakata kauli
katikati ya jedwali.

Kishikwambi hakina shida hizo.
Nilikipeleka porini, siku mbili upande wa Ipole,
kikapiga picha mizinga yote mia na kumi na miwili,
kikarudi na chaji ya kumtosha Nyamizi
kutazama katuni hadi akasinzia.
Usiku nikakilaza kifuani,
nikasoma bei za asali gizani, bila kibatari,
nikajiona bosi.

Ila niandike sasa.
Kibodi inapanda kutoka chini kama maji kisimani,
inameza nusu ya ukurasa,
nami nayachungulia majina sitini na moja
kama mtu anayetazama harusi kwa tundu la ukuta.
Vidole vyangu vimezoea kugonga. Kioo kinataka kupapaswa.
Halafu kinajua mno,
kinanimalizia maneno ambayo sijayawaza.
Mzee Mihayo Nsolo, kilo arobaini na mbili:
kikamsahihisha.
Miayo Nsolo.
Nikafuta. Miayo. Nikafuta.
Miayo.

Siku ya malipo alisimama mbele ya meza,
suruali ina nta magotini.
Akasomewa jina, akanyamaza.
Akasomewa tena.
"Huyo mwenye miayo," akasema,
"hakulina asali. Yuko kwake amelala."
Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka,
shingo ikiniwaka.

Nikamwomba atie sahihi kwenye kioo, kwa kidole,
kama afisa alivyotufundisha.
Akatia. Kioo hakikuona kitu.
Akakifuta kidole kwenye shati, akatia tena.
Miaka hamsini ya kamba, moshi na magome
imekigeuza kidole kile kuwa gamba,
na kioo, nimegundua, kinachagua ngozi.
Akanitazama kama mtu aliyebisha hodi
kwenye nyumba anayosikia ndani watu wananong'ona.

Basi nikachomeka waya.
Nikaiwasha ile ya zamani, ikakoroma,
tukaisubiri wote kama mgonjwa anayetafuta neno.
Mihayo nikaliandika zima, na H yake.
Nilipofika Nsolo
nikajipapasa kichwani: pini nimeiacha nyumbani.
Nikajaribu kwa kalamu, ikateleza.

Mzee akazunguka meza.
Akainama, pumzi yake ina harufu ya moshi wa mzinga,
akaniuliza ni hapa?
Nikamwambia ni hapo.
Ukucha wake wa gumba, mnene kama kipande cha pembe,
ukashuka polepole juu ya ile chuchu ya mpira.

N.

Akaitazama kwa muda, peke yake mwanzoni mwa jina,
kijiti kinachopepesa kando yake kikimsubiri.
Kisha akanyooka, mkono kiunoni.
"Na hizo arobaini na mbili," akasema,
"mlipima pamoja na ndoo,
au ndoo mlitoa?"